Mwandishi wa vita na karanga za Nachingwea

Septemba 1944, Alan Wood alikuwa Oosterbeek, pembeni mwa mji wa Arnhem huko Uholanzi, akiliandikia gazeti la Daily Express la London huku makombora ya Wajerumani yakipita juu ya kichwa chake. Alikuwa ameandamana na askari wa miavuli wa Uingereza waliotumwa kulikamata daraja la mto Rhine na kulishikilia hadi jeshi la nchi kavu liwafikie. Jeshi hilo halikufika kwa wakati. Askari wapatao 10,000 walitua, na waliovushwa usiku kurudi upande wa pili hawakufika 3,000. Katika taarifa moja iliyosomwa sana nyumbani, Wood aliwaomba wasomaji wakimwona mtu anayesema alipigana Arnhem wamvulie kofia na kumnunulia kinywaji.

Miaka michache baadaye mtu huyohuyo alikuwa mkuu wa idara ya habari wa Overseas Food Corporation, shirika la serikali ya Uingereza lililokuwa likifyeka mapori ya Tanganyika ili kupanda karanga. Maeneo yalikuwa matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Watu wa Nachingwea na Ruangwa wanaujua mradi wa karanga kwa masimulizi ya wazee, na jina la Wood halimo katika masimulizi hayo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kile ambacho dunia ya nje inakijua kuhusu mradi ule imepita mikononi mwake. Kitabu chake, The Groundnut Affair, kilitoka London mwaka 1950, mradi ukiwa bado haujafutwa rasmi. Waliokuja baadaye kuandika habari za karanga, wawe wanahistoria, wachumi au waandishi wa magazeti, wamekuwa wakichota humo, wengine bila kumtaja.

Wood alikuwa Mwaustralia, mzaliwa wa Sydney wa mwaka 1914, aliyehamia Uingereza na kukaa humo. Kalamu yake haikuchagua shamba. Ameandika vita, kilimo, biashara ya sinema na falsafa, na kila mara alijifunza jambo lenyewe kabla ya kuliandika. Waandishi wa namna hiyo huwa wanashukiwa, kwa kuwa anayegusa kila kitu hudhaniwa kuwa hajui chochote kwa kina. Kwa Wood ilikuwa kinyume. Desturi ya kuingia kila mahali kama mgeni ilimfanya aulize maswali ambayo wataalamu wa kilimo waliona haya kuulizana.

Kazi aliyoikuta ilikuwa ngumu kuliko ilivyoonekana. Baada ya vita Waingereza walikuwa bado wanapimiwa mafuta ya kula kwa kadi. Mwaka 1946 Frank Samuel, kiongozi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, aliruka juu ya Tanganyika akaona pori lisilo na mwisho. Akarudi London na wazo: mapori yale yafyekwe kwa mitambo, zipandwe karanga, na mafuta yapatikane kwa bei nafuu. Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, akachunguze pamoja na wenzake wawili. Walitumia wiki tisa, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka ndani ya ndege.

Ripoti waliyoandika ilikuwa na tarakimu za kutisha. Ekari 3,210,000 zifyekwe na zigawanywe katika mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. Gharama ikakadiriwa kuwa pauni milioni 24. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na fungu kubwa kuliko yote lilitengwa kwa Jimbo la Kusini, yaani huku kwetu, Lindi na Nachingwea. Kongwa ndiyo ilitangulia na ndiyo ikapata umaarufu, lakini matumaini makubwa yalikuwa kusini.

Sababu ilikuwa mvua. Kongwa ni Ugogo, nchi ya ukame, ambapo mvua hutegemewa kwa wasiwasi. Ardhi yake ina udongo wa mfinyanzi ambao jua likiupiga hukauka mithili ya sakafu ya saruji, na hilo kwa karanga ni hukumu. Mkulima yeyote wa Mnero au Mbekenyera anajua tabia ya mmea huo: unachanua juu, kisha ua likishapata mbegu kikonyo chake kinainama, kinaichoma ardhi na kuzalia chini. Udongo ukiwa mgumu kikonyo hakiingii. Na kama kimeingia mapema, wakati ardhi ina unyevu, siku ya kuvuna punje hazing'oki. Unavuta majani unabaki nayo mkononi. Waliokuja na matingatinga walilijua hilo kwenye makaratasi. Walichokuwa hawajakipima ni udongo wenyewe, kwa kuwa hawakuanza na shamba dogo la majaribio.

Nachingwea ilikuwa na udongo bora na mvua ya kuridhisha zaidi. Ilikosa njia. Hakukuwa na bandari yenye kina wala reli, na pori lilikuwa zito. Kwa hiyo kabla ya karanga ya kwanza kuleta senti moja, ilibidi ijengwe bandari mpya Mtwara na reli ya kwenda bara. Treni zilianza kufika Nachingwea mwaka 1949 kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi. Njia ya kutoka Mtwara ilikamilika mwaka 1954, wakati karanga zenyewe zilikuwa zimeshakuwa hadithi. Mwaka 1962 reli hiyo ilifungwa, kisha mataruma na vyuma vyake vikang'olewa. Leo Nachingwea ina kata inayoitwa Stesheni, na kuna watoto wa kata hiyo wasiowahi kuona kichwa cha treni.

Huko Kongwa nako ufyekaji ulikuwa na vituko vyake. Matrekta mapya hayakupatikana kwa sababu viwanda vilikuwa vinatoka vitani, basi vikakusanywa vyuma vya jeshi la Marekani vilivyoachwa Ufilipino. Vingi vilifika vikiwa hoi. Kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman, ikavivua mizinga na kuvigeuza matrekta yaliyopewa jina la Shervick. Njia iliyofanya kazi vizuri kwenye vichaka ilikuwa rahisi kuliko zote: katapila mbili ziende sambamba zikivuta mnyororo mzito katikati yake, na miti ianguke mbele ya mnyororo. Ila mnyororo huangusha mti tu. Mizizi hubaki ardhini, na mizizi ndiyo iliyovunja majembe. Mwaka wa kwanza, 1947, lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa 7,500 hivi.

Hayo yote yalipaswa kuelezwa kwa umma, na mwenye kuyaeleza alikuwa Wood. Mwenyekiti wa shirika, Leslie Plummer, naye alitoka katika uongozi wa magazeti ya Express, kwa hiyo watu wawili wa gazeti moja walijikuta wakiuza karanga ambazo hazijaota. Wanasiasa wa upinzani mjini London waligeuza karanga kuwa fimbo ya kumchapia waziri wa chakula, John Strachey. Wachora vibonzo wakapata chakula cha miaka. Kila mwandishi aliyetaka kuja kuona alipitia ofisi ya Wood, na kila takwimu iliyotoka ilibeba jina la shirika lake.

Mwaka 1949 maji yalizidi unga. Wakaguzi wa hesabu walikataa kuthibitisha kwamba vitabu vya shirika vilitunzwa ipasavyo. Novemba mwaka huo Wakefield mwenyewe, aliyeandika ripoti ya mwanzo, alifukuzwa katika bodi pamoja na John Rosa, mmoja wa wale wenzake wa safari ya wiki tisa. Wood naye akaondoka. Badala ya kutafuta ajira nyingine ya kupamba mambo, akaketi kuandika aliyoyaona.

Inafaa kusema wazi kwamba hakuandika kitabu cha kisasi, na hapo ndipo kilipo kipaji chake. Ilikuwa rahisi mno kucheka. Uingereza nzima ilikuwa inacheka, na mchapishaji yeyote angelipia kicheko kingine. Wood aliandika kama mtu aliyeyaamini malengo ya mradi na kukasirishwa na namna ulivyoendeshwa: pupa ya kuanza pote kwa pamoja, watu wa jeshi kupewa kazi ya wakulima, hesabu kukosa mwenyewe, na wakubwa kutotaka kusikia habari mbaya. Huku akiyasema hayo aliwatetea wahandisi na mafundi waliokuwa wakikesha juani kwa kazi waliyopangiwa na watu wasiowahi kushika udongo ule.

Kukiri hivyo si jambo dogo kwa mtu aliyekuwa msemaji. Afisa habari wa halmashauri yoyote ya leo anaijua hali yenyewe. Mkurugenzi anataka picha ya uzinduzi, mwandishi wa gazeti anataka kujua fedha zimekwenda wapi, na katikati umekaa wewe na taarifa ya ukurasa mmoja. Wood alikaa katikati pale kwa muda, kisha akahamia upande wa msomaji. Lakini alihama meli ikiwa tayari inazama, na msomaji mkali ana haki ya kuuliza taarifa zake za mwaka 1948 zilisema nini.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango mkubwa. Pauni zaidi ya milioni 36 zilifutwa katika vitabu. Nachingwea haikuachwa siku hiyohiyo. Mashamba yaliendelea kwa kiwango kidogo na kwa mazao mchanganyiko, na baadaye yakakabidhiwa shirika la kilimo la Tanganyika. Kilimo cha karanga hakikufa pamoja na mradi, kwa kuwa hakikuzaliwa nao. Wakulima walikuwa wakizipanda kwa jembe la mkono kabla ya Samuel kupanda ndege, na waliendelea baadaye. Mwaka 2009 kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kilitoa mbegu mpya za karanga zilizopewa majina ya huku kusini: Naliendele, Masasi, Mangaka, Mnanje na Nachingwea. Aina mpya ya mbegu hujaribiwa kwanza, misimu kadhaa na katika maeneo tofauti, ndipo iidhinishwe. Wakefield alikuwa na wiki tisa.

Baada ya karanga, Wood aligeukia sinema. Mwaka 1952 alitoa kitabu kuhusu J. Arthur Rank, mfanyabiashara wa unga aliyegeuka kuwa bwana mkubwa wa filamu za Uingereza. Kutoka hapo akaruka mbali zaidi, akamwandikia maisha mwanafalsafa Bertrand Russell. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1957, Russell mwenyewe akiwa hai na mkali wa kusahihisha. Wood alikuwa pia ameanza kuandika uchambuzi mzito wa falsafa ya mzee huyo, kazi ambayo kwa kawaida huachiwa maprofesa. Hakuimaliza, alifariki mwaka huohuo wa 1957. Russell aliithamini kiasi cha kuichapisha, ikiwa pungufu vilevile, ndani ya kitabu chake cha mwaka 1959, My Philosophical Development. Mwandishi wa magazeti aliyewahi kueleza habari za matingatinga ya Tanganyika akajikuta amefungwa jalada moja na mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa karne.

Mapori aliyoyaandika Wood yalipata kazi nyingine, na tena kwa jozi. Kongwa, kwenye majengo na viwanja vilivyoachwa na karanga, Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika kambi kuanzia miaka ya mwanzo ya 1960. Nachingwea, shamba namba 17 la mradi, Farm 17 kama watu wanavyoliita hadi sasa, likawa kituo kikuu cha mafunzo cha FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji. Samora Machel alikuwa kamanda hapo kabla ya kushika uongozi wa chama chote, kufuatia kuuawa kwa kiongozi wake, Eduardo Mondlane, kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Mondlane alikuwa profesa, alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Syracuse huko Marekani kabla ya kurudi Afrika kuongoza vita.

Ni Mondlane aliyemvuta Mmarekani wa aina ya Wood, ila mwenye moto zaidi. Robert Van Lierop, Mmarekani mweusi wa New York, alisomea sheria na akafanya kazi ya uwakili. Alikutana na Mondlane Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na baada ya kifo cha kiongozi huyo akaamua kupeleka habari za Msumbiji kwa Wamarekani kwa picha. Hakuwa mtengeneza filamu, alijifunza. Mwaka 1971, pamoja na mpigapicha Robert Fletcher, aliingia maeneo yaliyokombolewa akipitia Tanzania, akipiga picha wapiganaji ambao Nachingwea ndiyo iliyokuwa kambi yao ya nyuma. Filamu yake ya nusu saa hivi, A Luta Continua, ilitoka mwaka 1972 ikaonyeshwa makanisani, vyuoni na kwenye kumbi za vyama vya wafanyakazi Marekani. Uhuru wa Msumbiji ulipopatikana akatengeneza nyingine, O Povo Organizado. Baadaye, kama vile hayo hayatoshi, kuanzia mwaka 1981 alikuwa balozi wa Vanuatu, nchi ya visiwa ya Pasifiki, katika Umoja wa Mataifa, na akawa mwenyekiti wa kwanza wa umoja wa nchi za visiwa vidogo zinazodai hatua dhidi ya mabadiliko ya tabianchi.

Wawili hawa wanapishana kwa jambo moja kubwa. Wood aliajiriwa na wenye mradi kisha akawaacha. Van Lierop hakuajiriwa na mtu, lakini alikwenda akiwa ameshachagua upande, wala hakuficha. Filamu yake ni ya kampeni. Mtazamaji wa leo anaweza kupenda ujasiri wake na bado akatambua kwamba migogoro ya ndani ya FRELIMO, ambayo Nachingwea iliishuhudia hadi mwaka 1975, haikuwa na nafasi kwenye filamu ya namna hiyo.

Tena si lazima kwenda New York au Sydney kumtafuta mwandishi wa fani nyingi. Kutoka Nachingwea unapita Masasi, halafu Lupaso, alikozaliwa Benjamin Mkapa mwaka 1938. Kabla ya watu kumjua kama Rais wa Awamu ya Tatu, alikuwa mhariri. Alisoma Ndanda, Pugu na Makerere, akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kisha mwaka 1966 akakabidhiwa The Nationalist na Uhuru, magazeti ya TANU. Mwaka 1972 akahamia Daily News, gazeti la serikali. Mwaka 1974 akawa mwandishi wa habari wa Mwalimu Nyerere, na mwaka 1976 akaanzisha shirika la habari la taifa, Shihata. Uwaziri na ubalozi vikafuata. Njia yake ni ya Wood iliyopinduliwa: alianzia kwenye meza ya mhariri akaishia kuwa yeye ndiye anayeandikwa. Alipokuwa Ikulu, waandishi wa Dar es Salaam walimwona mkali kwao kuliko marais wengine, na wengi wao walisema ni kwa sababu aliijua kazi yao na udhaifu wake.

Kama karanga zilivyokuwa na ripoti ya Wakefield, Ruangwa sasa ina ripoti zake. Chini ya ardhi ya wilaya hiyo kuna kinywe, madini yale meusi ya ndani ya penseli, ambayo yanatafutwa zaidi kwa sababu ya betri za magari ya umeme. Miradi miwili, Chilalo na Nachu, imekuwa ikitangazwa katika soko la hisa la Australia na kampuni zilizoimiliki. Kwa haki, ripoti za leo si za Wakefield: sheria za soko hilo hudai mashimo ya uchorongaji yahesabiwe na mtaalamu anayethibitisha tani atajwe kwa jina. Ila msomaji anayelengwa yuko Perth au Sydney. Mkulima wa Matambarale ambaye shamba lake la korosho limo ndani ya ramani hiyo hupata habari zake kwenye mkutano wa kijiji, kwa mdomo, na mara nyingi kwa muhtasari wa mtu anayelipwa kutoa muhtasari.

Kwenye karanga pengo lilikuwa hilohilo. Tunajua majina ya wajumbe wa bodi, mawaziri, meja jenerali aliyesimamia kazi na hata wakaguzi wa hesabu. Majina ya vijana wa Kimwera, Kiyao na Kimakua walioendesha katapila au kung'oa visiki Nachingwea hayamo katika vitabu vya London. Aliyekuwa na miaka 18 treni ya kwanza ilipoingia mwaka 1949 amezaliwa mwaka 1931, na waliobaki ni wachache. Mwandishi wa Nachingwea au Ruangwa mwenye simu ya kurekodi anaweza kuwauliza wao, au watoto waliosimuliwa, mambo ambayo Wood hakuyaandika: nani aliwafundisha kuendesha mtambo, walilipwa shilingi ngapi kwa mwezi, walilala wapi, kina mama walibaki na mashamba gani, na siku wazungu walipoanza kufunga mizigo waliambiwa nini.